Uzi: Marufuku ya kwanza ya mambo ya watumwa 1822, ya mwisho huku mwambao wa Kenya 1907. Nani alikuwa akila pesa za utumwa miaka yote 85?

mpita_kengeleni (mleta uzi)

Wadau salaam aleikum, na asiyeitikia salamu hino basi hamjambo. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite tu hatugombani.

Ijumaa jioni niko ndani ya matatu natoka mjini Mombasa, foleni imeshika tangu darajani, nimepakata begi la mtoto wa dadangu, yuko darasa la 5. Makanga apiga kelele "Kengeleni wa kushuka!" na mtoto aniuliza, mjomba, hiyo kengele yenyewe iko wapi? Nikamwonesha kale kajengo pale njia panda ambako sote twapita kila siku na hatukaangalii. Akauliza ya nini. Nikamwambia hapa palikuwa Frere Town, waliletwa watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na kengele ilipigwa kuwaonya kwamba washikaji waja. Akafikiri kidogo akaniambia: "Kwani hao washikaji walikuwa hawajakatazwa?"

Nilinyamaza mpaka Bombolulu.

Manake mtoto amenishika pabaya. Soko la watumwa Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Juni 5, 1873, Sultani Barghash alisaini huku John Kirk, balozi wa Uingereza, amemtishia kuzungushiwa manowari. Misheni ya CMS, Waanglikana wa Uingereza, ikaanzisha Frere Town 1874 kuelekea 1875. Yaani kengele ilitundikwa BAADA ya marufuku. Ukiona watu wafunga kengele ya hatari baada ya jambo kupigwa marufuku, jua hiyo marufuku yenyewe haijamfikia mwizi.

Usiku nikaipeleka barazani, kahawa tungu na kashata. Mzee mmoja akasema watu wa zamani walikuwa hawana huruma. Mwingine akasema ni ujinga. Mie nakataa yote mawili. Watu walikuwa na huruma kama wetu na akili kutushinda. Lakini kila aliyeambiwa aache alikuwa na daftari la hesabu mkononi, na kila marufuku iliandikwa kwa kulichungulia hilo daftari kwanza.

Angalieni. 1822 nahodha Moresby wa Uingereza amsainisha Seyyid Said, mtawala wa Oman na Unguja: usiwauzie watumwa Wakristo. Haya, kina Mfaransa wa visiwa vya huko Bahari ya Hindi wamefungiwa (kwa karatasi), lakini Arabuni ruksa, Uajemi ruksa. 1845 Hamerton, balozi wa Uingereza, aja na mkataba mwingine, ukaanza kufanya kazi 1847: sasa hata Arabuni usipeleke. Ila kati ya Kilwa na Lamu endelea. Nyie, Kilwa mpaka Lamu ndiyo pwani yenyewe! Ni sawa na kumwambia muuza miraa asivushe hata kitita kimoja ng'ambo ya Nyali, ila mjini auze apendavyo.

Na mbona uwe na mlango wa nyuma kila mara? Kwa sababu Sultani alikuwa akipata ushuru kwa kila kichwa kinachopita forodhani. Na forodha yenyewe hakuiendesha yeye, ilikuwa imekodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, tajiri wa Kutch huko India, amlipa Sultani kiasi kilichokatwa kila mwaka na kinachozidi ni chake. Kutch ilikuwa chini ya mkono wa Uingereza. Kwa hiyo Mwingereza yuasema acheni, na mtu wa nchi iliyo chini yake ndiye akaa kitini pale forodhani ahesabu vichwa.

Tena huyo huyo na wenziwe ndio wakopeshaji. Mwenye shamba la mikarafuu Unguja au Pemba hakuwa na pesa taslimu, alikuwa na miti, ardhi na watu. Akikopa aweka rehani shamba pamoja na watu wake. Sasa siku ukisema watu hawa ni huru, shamba halina wa kuchuma, karafuu zaanguka chini, na mdai wa Kihindi naye rehani yake imekuwa magugu. Wewe ulidhani wapigana na mtu mmoja mwovu mwenye kiboko, kumbe waishtua benki nzima.

Haya semeni.

kijana_wa_kibokoni

nimesoma mpaka pale kwa kahawa tungu nikainuka kutafuta kahawa, narudi

wakili_wa_mtaani

Mleta uzi rekebisha kidogo. Wachanganya biashara ya watumwa na utumwa wenyewe. Marufuku za 1822, 1845, 1873 ni za KUUZA na KUSAFIRISHA. Kumiliki mtu kuliendelea kuwa halali mpaka 1897 Unguja na Pemba, na huku kwetu mwambao wa Kenya mpaka 1907. Mambo mawili mbalimbali hayo.

mpita_kengeleni

@wakili ahsante, wanirekebisha lakini pia wanisaidia. Hapo ndipo ujanja ulipo. Wakataza kuleta na wahalalisha kuwa nacho. Maadamu kuna mtu ana shamba na anaruhusiwa kumiliki, atanunua, na akinunua kuna atakayeleta, usiku, kwa mguu, kwa mtumbwi, kwa vyovyote. Baada ya 1873 bahari ikabana, sawa? Misafara ikaacha jahazi ikashika njia ya nchi kavu, kutoka Kilwa ikipanda kaskazini mpaka Pangani, mpaka huku kwetu, Malindi, Lamu. Barghash ikambidi atoe amri nyingine 1876 kukataza hiyo ya nchi kavu. Miaka mitatu watu wametembezwa kwa miguu ili sheria ya baharini isivunjwe. Adabu gani hiyo.

dada_wa_leso

Mimi sijui mikataba lakini nguo nazijua, nina meza Biashara Street mwaka wa 19 huu. Nyanyangu alikuwa kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa akikiita merikani, ndicho wakifunikia magodoro ya sufi. Mimi nikidhani ni jina tu. Kumbe ni Marekani kweli! Meli zikitoka Salem, Massachusetts, zikileta hicho kitambaa Unguja na kurudi na pembe za ndovu na sandarusi na karafuu. Na pamba ya kitambaa chenyewe yatoka wapi? Mashamba ya kusini mwa Marekani, ililimwa na watumwa, watu weusi vilevile. Halafu kitambaa chafika huku, msafara wakibeba mpaka bara, kikatumika kama pesa, wanunulia pembe na wanunulia watu.

Nikiwaza hivyo mwili wanisisimka. Mtumwa wa kule alima pamba ya kumnunulia mtumwa wa huku na wala hawatajuana.

kijana_wa_kibokoni

nimerudi. @dada_wa_leso hiyo komenti yako yatosha kuwa uzi peke yake

mpita_kengeleni

Dada umenipa kitu. Niongeze: balozi wa kwanza wa Marekani Unguja, Richard Waters, alikuja 1837, mtu wa huko huko Salem, na katika daftari lake la siku aliandika jinsi alivyochukizwa na utumwa. Na alikuwa mfanyabiashara wakati huo huo, na alishirikiana vizuri sana na Jairam wa forodha, ndiyo njia ya mizigo yake kutoka haraka. Mchana auza, usiku alia kwenye daftari. Simcheki, nani kati yetu simu yake aijua madini yake yamechimbwa na nani?

Na ile merikani, vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani 1861 hadi 1865 ndivyo vilivyoikata, pamba ikaadimika, basi nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi. Yaani hata hapo hakuna aliyesusa, bidhaa tu iliadimika.

wa_getini

mimi ni kibarua bandarini siku nikipata na siku nisipopata narudi nyumbani, saa kumi na moja alfajiri niko getini kila siku. kuna siku foremani mmoja mzee alituambia mwajua nyinyi jina lenu latoka wapi. kibarua ni barua ndogo. zamani mtumwa wa mjini alikua akikodishwa na bwana wake kubeba mizigo bandarini au kupasua mawe, akimaliza siku apewa kikaratasi, hicho ndicho kibarua, na hicho ndicho cha kuchukulia malipo na ule mshahara wagawanywa yeye na bwana wake. sisi tukacheka lakini baadaye nikakaa nikafikiri, mwenye kampuni aliyemkodisha yule mtu huenda alikua mzungu asiyeruhusiwa kumiliki mtumwa kisheria, lakini kumkodi kutoka kwa bwana wake hakuna neno. pesa imepita mkono mmoja tu ikawa safi

samahani kwa makosa naandikia simu

mpita_kengeleni

@wa_getini usiombe samahani, hapo umeeleza kuliko mimi. Na ndivyo ilivyokuwa kweli, mjini mtumwa angeweza kujitafutia kazi mwenyewe na kumpelekea bwana fungu lake, wakiita ijara. Kwa bwana ilikuwa pensheni. Kuna wajane na mayatima ambao mali yao yote ilikuwa watu wawili watatu wanaofanya kazi bandarini. Sasa ukija na sheria ya kuwaacha huru wale wawili, umekutana na mjane. Ndiyo sababu nikasema tusifikirie matajiri peke yao, faida ilikuwa imeteremka mpaka kwa watu wadogo, na mtu mdogo akishikiwa kidogo chake apiga kelele kuliko tajiri.

mvita_mkavu

Mwazunguka sana. Ukweli ni mmoja tu: Waingereza walikuja wakakomesha. Kama si manowari zao mpaka leo tungekuwa twauzana. Semeni ahsante mambo yaishe.

mpita_kengeleni

@mvita_mkavu sikiza, manowari zilikuja kweli na watu waliokolewa kweli, Frere Town ndiyo ushahidi na sikatai. Lakini hebu tuanze hapa hapa Mombasa. 1824 Wamazrui, waliokuwa wakitawala Mvita na wakimwogopa Seyyid Said, walimwomba nahodha Owen wa jeshi la majini la Uingereza awape bendera. Owen akakubali. Sharti mojawapo lilikuwa biashara ya watumwa ikome Mombasa, na ushuru wa forodha wagawane nusu kwa nusu. Wamazrui wakakubali! Luteni Reitz akaachwa hapa, akafa mwaka huo huo, ndiye wa Portreitz hiyo mnayopitia mkienda Changamwe. Ufikapo 1826 London ikasema hatumtaki Owen na bendera yake, teremsheni. Kwa nini? Kwa sababu Seyyid Said alikuwa rafiki yao Oman, na Oman ndiyo inayochunga mlango wa Ghuba na njia ya India, na India ndiyo mfuko. Mji uliotia saini kuacha watumwa ukatupwa, aliyekuwa akitoza ushuru wa watumwa akakumbatiwa. Weka hiyo kwenye ahsante yako.

Halafu kwao wenyewe je? 1791 mbunge Wilberforce apeleka hoja bungeni London kukataza meli za Uingereza kubeba watumwa, akashindwa kura 163 kwa 88. Ilimchukua mpaka 1807. Mle bungeni mlijaa watu wenye mashamba ya miwa Jamaika na Barbados, na nje kuna Liverpool nzima yategemea: fundi wa meli, mwenye kamba, mwenye minyororo, muuza bunduki, mwenye bima. Bima nayo ni shetani peke yake. 1781 meli ya Zong ilitupa baharini watu zaidi ya 130 wakiwa hai, na kesi iliyofika mahakamani London haikuwa ya mauaji. Ilikuwa ya kudai bima ya mzigo uliopotea.

1833 wakapitisha kuukomesha utumwa kwenye makoloni yao. Hapo ndipo utaona pesa yasema nini. Serikali ilitoa pauni milioni 20, karibu asilimia 40 ya matumizi yake ya mwaka, kulipa FIDIA. Kwa nani? Kwa wamiliki. Watumwa kama 800,000 hawakupata hata senti, tena wengi wakaambiwa waendelee kufanya kazi kwa mabwana zao kama "wanagenzi" mpaka 1838. Na deni lililokopwa kwa ajili hiyo lilikwisha kulipwa 2015. 2015 mimi nilikuwa na WhatsApp!

kijana_wa_kibokoni

subiri 2015 ipi

mpita_kengeleni

Hiyo hiyo ya juzi.

mtu_wa_jahazi

Nilete ya baharini kwa sababu kwetu ni watu wa vyombo toka zamani. Mabaharia wa manowari walikuwa wakipewa tuzo, pesa kwa kila mtumwa waliyemwokoa au kwa ukubwa wa chombo walichokikamata. Sasa fikirieni baharia wa miaka ishirini na mbili, mshahara mdogo, jua kali, aona jahazi lapita na tanga limejaa kaskazi. Mle ndani kuna watu, lakini ni watumishi wa chombo au ni watumwa? Tuzo yaja akisema watumwa. Kuna majahazi yalichomwa moto hayana hatia, yamebeba tende na chumvi na wenyewe wamesimama ufukweni watazama. Yaani hata kuokoa kukawa na bei yake.

Na manahodha nao si wajinga. Wale wa Sur huko Oman waliona bora bendera ya Mfaransa, wakaenda kuchukua hati, wakapandisha. Mwingereza akitaka kupekua aambiwa hino ni mali ya Ufaransa usiguse. Jambo lilivutana mpaka likafika mahakama ya Hague, uamuzi ukatoka 1905. Bendera moja ya kitambaa iliwahangaisha miaka na miaka.

ami_wa_makadara

Nimewasoma vijana wangu. Mwaandika vizuri lakini mwaonea watu. Sisi wazee wetu walikuwa na watumwa, hatufichi, lakini walikaa nao kama watoto wao, wakila sinia moja, wakiwaozesha, wengine wakiachiwa shamba kwa wasia. Msichukue ya Amerika mkayaleta Mvita.

mpita_kengeleni

Shikamoo ami yangu. Sikukatalii, na mie mwenyewe kwetu kuna hadithi hizo za sinia moja, na kumwacha mtu huru kwa ajili ya Mungu ni thawabu, watu waliifanya, hilo lajulikana. Lakini ami, naomba ruhusa nikuulize kuhusu Malindi.

Malindi ilikuwa imekufa, magofu na nyani. Kwenye 1861 wakati wa Sultani Majid watu wakarudi wakaifufua, wakafyeka msitu, wakapanda mtama na ufuta, na kwa muda mfupi ikawa ghala la Arabuni, majahazi yajaza nafaka yangojea kusi yaondoke. Nani alifyeka? Na kwa nini wakati ule? Kwa sababu marufuku ya 1845 ilikuwa imebana njia ya kwenda Arabuni, watumwa wakalundikana huku pwani na bei yao ikashuka. Aliyekuwa hawezi kununua watano sasa ananunua kumi. Ukishindwa kumpeleka mtu Arabuni akalime mtama, mpeleke Malindi alime, halafu peleka mtama. Nafaka haina mkataba. Ndiyo maana nasema marufuku ya nusu ilizidisha utumwa huku kwetu badala ya kuupunguza.

Na shamba la nafaka, ami, halina sinia moja. Ni mtu kapimiwa ngwe yake asubuhi ailime mpaka iishe. Sinia moja ilikuwa ya nyumbani, mjini. Ndiyo sababu watoro walikuwa wengi, wakikimbilia Fuladoyo wakajijengea mji wao msituni, wakikimbilia Rabai kwa wamisheni. Mtoto halali msituni kumkimbia babake.

Nisamehe nikikosea adabu.

ami_wa_makadara

Hukukosea. Hilo la Fuladoyo nilikuwa nimelisahau. Endelea.

dada_wa_leso

mashaallah, hapa ndipo ningetaka baraza za kweli ziwe hivi

mwana_wa_chonyi

Nilikuwa nasoma kimya lakini sasa nami nisema. Mwaongea kama mambo yameisha 1907. Kwetu hayajaisha.

1907 watumwa wa mwambao wakaambiwa huru, serikali ikawalipa fidia mabwana, tena mabwana! Mwaka uliofuata, 1908, yaja sheria ya hati za ardhi za pwani. Mwenye madai aje mbele ya afisa aandikishe shamba apewe hati. Sasa niambieni, mtu aliyekuwa mtumwa jana ana hati gani? Mgiriama au Mchonyi aliyelima pale kwa mila za babu zake ana karatasi gani? Wenye majina na mashahidi na uwezo wa kufika mjini ndio walioandikisha. Wengine wakauza haraka kwa Wahindi na wazungu, manake hawana tena wa kulima na deni liko pale pale. Yule aliyeachwa huru akaamka yuko huru juu ya ardhi ya mtu.

Sisi nyumbani twalipa kodi ya ardhi kila mwaka, nyumba ni yetu, minazi alipanda babu, lakini udongo ni wa mtu ambaye sijawahi kumuona kwa macho, aja mjumbe wake tu na kitabu cha risiti. Mwaka juzi alituandikia tusijenge kwa mawe, tujenge kwa udongo tu. Mamangu alikuwa ameshanunua matofali 400. Yako pale nyuma ya nyumba mpaka leo yameota ukoka, kuku wataga katikati yake.

Kwa hiyo mnaponiuliza kwa nini ilichukua miaka 85 mimi nauliza hiyo 85 mmeihesabu kufikia wapi.

wa_getini

@mwana_wa_chonyi hayo matofali yameniuma

mvita_mkavu

Sawa nimekubali haikuwa ahsante tu. Lakini basi Waingereza walipokuja kutawala wenyewe 1895 mbona hawakukata siku hiyo hiyo? Mamlaka wanayo, bunduki wanazo.

mpita_kengeleni

Swali zuri sana. Kwa sababu sasa daftari lilikuwa lao.

Walipokuwa wageni walikuwa wakali. Walipokuwa wenye nyumba wakaanza kuongea kama wenye nyumba. Unguja bajeti ya serikali yategemea ushuru wa karafuu, na karafuu zachumwa na nani? Balozi Arthur Hardinge, na hapa ni baada ya 1890 Unguja ishakuwa chini yao, akawa ndiye asemaye tusiharakishe, uchumi utaanguka, mabwana watafilisika. Hoja zile zile za Barghash 1873! Barghash angalau alikuwa na sababu, mwaka mmoja kabla kimbunga cha 1872 kilikuwa kimeng'oa karibu mikarafuu yote ya Unguja, akawaambia mimi nimekwisha kuvunjwa na upepo na nyinyi mwaja kunimalizia. Hawakumsikiza. Ikafika zamu yao upepo haujavuma na bado waogopa.

Julai 1895 wanapoichukua Mombasa kutoka kwa ile kampuni ya Waingereza, IBEA (Imperial British East Africa), Hardinge huyo huyo akasimama mbele ya wakubwa wa mji akawaahidi mila na dini na mali zenu hatutazigusa. Wote mle walijua "mali" ni pamoja na nini. Mwambao wenyewe waliukodi kwa Sultani, pauni 11,000 kwa mwaka, hawakutaka fujo.

Hata hiyo 1897 ya Unguja someni ilivyoandikwa. Haikusema wote huru kuanzia leo. Ilisema mtumwa akitaka uhuru aende mahakamani mwenyewe akaombe, bwana alipwe fidia, na yule aliyepata uhuru aoneshe ana pa kukaa na kazi ya kufanya, la sivyo ni mzururaji. Wachache walikwenda. Wengi walipiga hesabu yao, kwenda huru bila shamba au kubaki na kipande cha kulima muhogo. Na masuria hawakuguswa mpaka 1909.

Sasa mniache nimalizie ya Rabai maana ndiyo iliyonifanya nisilale.

Watoro walikuwa wamejaa Rabai, wajificha kwa wamisheni, wamejenga, wamelima, wamezaa. Mabwana wa Mombasa wakawajua walipo, wakatisha kwenda kuwachukua kwa nguvu. 1888 IBEA ndiyo kwanza yaingia mjini, yataka misafara yake ipite, yataka wapagazi, yataka wafanyabiashara wa mji wawe upande wake. Meneja wao Mackenzie akaona akiwatetea watoro amekosana na mji, akiwarudisha amechafuka kwao Uingereza. Akafanya nini? Akawanunua. Pesa zikachangwa wakalipwa mabwana, na Januari 1, 1889, pale Rabai, watu zaidi ya 1,400 wakagawiwa karatasi za uhuru mmoja mmoja.

Watu ambao wengine walikuwa wamejikomboa wenyewe kwa miguu yao miaka kadhaa nyuma! Ametoroka, amelala msituni, amejenga nyumba, ana wajukuu, halafu aitwa kwenye mstari apewe karatasi kwamba bei yake imelipwa.

ami_wa_makadara

Na aliyelipwa alikuwa bado mzee wetu mmoja au wawili, nawajua kwa majina. Sitawataja.

mpita_kengeleni

Usitaje ami.

Mtoto nimemwambia Jumamosi tunaenda Rabai kwenye ile makumbusho ya kanisa la Krapf, yule mmisheni. Ashaandika maswali 6 kwenye daftari la hesabu, la kwanza ni "karatasi ilikuwa na jina lake au jina la bwana wake?" Kuna mtu ajua kutoka Mazeras kupanda mpaka pale boda wachukua ngapi siku hizi?

mwana_wa_chonyi

mimi nitakuwa Mazeras Jumamosi. nitafute stejini, nitawapandisha, msilipe mtu